Upande wa Pili wa Ukuta

Ujumbe wa sauti ulimfikia Wasike Alhamisi asubuhi, akiwa juu ya ngazi katika nyumba ya karani mmoja hapo Lodwar, skrubu mbili mdomoni na ya tatu mkononi. Aliusikiliza vivyo hivyo, simu kaibana kati ya shavu na bega.

"Fundi, hii ni Mama Iqra ya Kakuma. Hiyo ukuta yangu inamwaga mchanga. Kila asubuhi mchanga kwa mto. Si kitu, mimi nakung'uta tu. Lakini tivii imeinama kidogo, kama mtu anasikiza maneno ya watu. Kama uko na nafasi, kuja angalia. Kama huna, basi, Mungu iko."

Wasike alitema skrubu kiganjani, akaketi juu ya ngazi. Karani akamuuliza kama kuna mtu amekufa.

"Bado," akajibu. Aliposikia alichokisema akaona aibu, akasema ni mteja tu, ana shida ndogo ya ukuta.

Haikuwa shida ndogo, na Wasike alijua. Tena alijua tangu siku ile ile aliyoitundika runinga ya Mama Iqra, wiki sita nyuma. Akinywa chai alijua, akifunga kamba za viatu alijua. Runinga ya inchi arobaini na tatu ilikuwa imeshikwa kwenye ukuta wa udongo kwa skrubu na plagi za plastiki, chini yake pana kitanda, na juu ya kitanda hicho mama wa watu alikuwa akilala. Alikuwa amemwambia ni salama. Alimwambia akimtazama usoni, mwanaume mzima wa miaka hamsini na miwili.

Akampigia simu papo hapo.

"Mama Iqra, sogeza kitanda."

"Kitanda haisogei."

"Basi usilale hapo. Lala upande wa mlango mpaka nije."

"Mimi nalala hapo miaka kumi na tano, fundi. Nikienda upande ingine, usingizi inakataa."

"Hiyo tivii itakuangukia!"

Wasike alisikia jenereta ikiunguruma huko kwao, na mbuzi akilia.

"Si wewe ulisema iko imara?" Mama Iqra akauliza. Hakuuliza kwa hasira. Aliuliza kama mtu anayetaka kuelewa tu, na hiyo ilimuuma Wasike kuliko angetukanwa. Akamwambia anakuja leo hii, akakata simu, akamalizia kazi ya karani.

Ukuta wa mawe hauna maneno. Unatoboa, unaingiza plagi, unakaza skrubu, unakwenda kula. Hata ule wa kizamani wa miti na udongo una nguzo ndani. Ukiugonga kwa kifundo cha kidole sauti inabadilika, unajua nguzo ilipo, unapigilia hapo. Lakini ukuta wa matofali mabichi, yale yanayofyatuliwa na kuanikwa kwenye jua la Kakuma bila kuchomwa, hauna nguzo wala jiwe. Ni udongo mtupu kutoka huku hadi kule. Balaa yake ni kwamba watu wanaojipenda huupiga plasta ya saruji na kuupaka rangi, nao ukang'aa, ukajifanya wa mawe. Plagi ukiitia humo inashika vizuri siku ya kwanza, maana inashika plasta. Nyuma ya plasta udongo unasagika kidogo kidogo, mpaka siku plasta yenyewe inabanduka pamoja na kila ilichobeba.

Dawa ipo, na Wasike aliijua kuliko fundi yeyote kutoka Kainuk kwenda juu. Unautoboa ukuta hadi upande wa pili. Unapitisha nondo nne zenye hesi, ile mistari ya kuzungushia nati. Huku unaweka ubao, kule unaweka ubao, unabana kwa washa pana, vile visahani vya chuma, na nati. Ukuta unakuwa umebanwa katikati ya mbao mbili, na mzigo haubebwi tena na tundu, unabebwa na ukuta mzima. Kazi hiyo ina sharti moja: inataka watu wawili, mmoja huku na mwingine kule.

Wa kule alikuwa Jelagat, mkewe.

Jelagat alikuwa Mnandi wa Kabiyet, mpishi wa shule aliyechoka na moshi, akaamua kumfuata mumewe kazini. Siku ya kwanza Wasike alimpigia makelele kupitia ukutani, kaza, usikaze, shika, wacha. Jelagat akatoka upande wake, akazunguka nyumba, akaja kusimama mbele yake na spana mkononi.

"Mimi si ng'ombe wa kuitwa ng'ambo ya mto," akasema. "Nitakugongea. Moja, nondo imetokea. Mbili, nimekaza. Tatu, ubao umetulia, achia."

Ikawa hivyo miaka kumi na mmoja. Waligonga nyumba za Lodwar, wakagonga za Kakuma na Kalobeyei, na hakuna runinga hata moja iliyoanguka. Hiyo ya tatu ndiyo iliyokuwa na raha yake. Wasike alikuwa akishaipachika runinga haondoi mikono, anangoja, huku Jelagat ameweka kiganja juu ya ubao kuusikiliza kama umesogea. Wala hakuwa na haraka. Kuna siku, nyumbani kwa mwalimu mmoja, alikaribishwa chai huko upande wake akainywa yote, pole pole, na andazi akala, ndipo akagonga tatu. Mumewe alikuwa anatiririka jasho upande wa pili. Wasike alinuna njia nzima, na usiku wakacheka mpaka jirani akagonga ukuta wake pia.

Jelagat alifariki miaka mitatu iliyopita, baada ya kuugua majuma matatu. Siku hiyo Wasike alikuwa Lorugum, anatundika runinga kwenye ukuta wa mawe, kazi ya mtu mmoja. Jelagat mwenyewe ndiye aliyemwambia aende. "Nenda, leo nina nafuu," alisema, na kweli alikuwa amekunywa uji. Wasike aliporudi hospitalini saa nane mchana alikuta kitanda cha mkewe wodini kimeshatandikwa shuka safi.

Tangu hapo Wasike hakuutoboa tena ukuta wa udongo. Waliompigia aliwaambia hana vifaa. Uongo. Vifaa vilikuwa chini ya kitanda chake, nondo nne na mbao mbili za sipresi zilizopakwa oili chafu kuzuia mchwa. Mtu wa kushika upande wa kule angempata pia. Lodwar haina uhaba wa watu wanaotafuta kazi. Hakutaka kusikia mkono wa mtu mwingine ukigonga, basi. Alikuwa mpweke hata akawa anakula wima, sufuria mkononi, maana sahani moja peke yake mezani ilimshinda kuitazama.

Sasa ilikuwaje akaenda kwa Mama Iqra?

Mama Iqra, jina lake Rooda, alikuwa Msomali aliyekaribia uzee, aliyefika kambi ya wakimbizi ya Kakuma na mtoto mmoja mgongoni na akabaki na huyo mmoja. Iqra alisoma, akapasua mitihani, akapata nafasi ya chuo huko Kanada. Faili la mwanafunzi lilikuwa la mtu mmoja, mama hakuwemo. Iqra akaondoka, yapata mwaka na miezi miwili iliyopita. Huko akafanya kazi za jioni, akamnunulia mama runinga kupitia mfanyabiashara wa Kakuma, ili wakizungumza mama amwone mtu mzima mzima, si kichwa kidogo ndani ya simu. Runinga ya kwanza, ndogo, ilikuwa imewekwa juu ya stuli, na laga, ule mkondo unaojaa wakati wa mvua tu, ilipofurika ikaingia nyumbani na kuizamisha. Kwa hiyo hii ilitakiwa iwe juu.

Kwa simu Wasike aliambiwa nyumba ni ya plasta na rangi. Akachukua mkoba akaja. Alipougonga ule ukuta kwa kifundo cha kidole alijua papo hapo, sauti nene, butu, ya udongo. Kuta nyingine hazikufaa: mmoja una mlango, mmoja una dirisha, na wa tatu ulikuwa mabati. Akauliza upande wa pili kuna nini.

"Chumba ya Iqra," Mama Iqra akasema.

"Nitahitaji kuingia."

"Ufunguo ilipotea."

Wasike aliuona uzi shingoni mwake, ukizama ndani ya shela, na kufuli pale nje lililokuwa safi, limefutwa vumbi. Aliona kabisa. Angeweza kusema, mama, bila chumba hicho siwezi, akafunga mkoba, akaenda zake. Lakini aliposikia ufunguo umepotea, moyo wake ulifurahi. Kama chumba hakifunguki, hakuna haja ya mtu wa kule. Akatia plagi kumi badala ya nne, akavuta kwa nguvu, zikashika, akajiambia zitashika. Iqra alikuwa kwenye simu akiangalia yote, akapiga makofi. Mama Iqra akamkaribisha chai ya iliki na maziwa ya ngamia, na Wasike akainywa akitazama sakafu.

Hayo ndiyo aliyokuwa nayo rohoni Alhamisi ile, amekaa juu ya magunia ya vitunguu nyuma ya pikapu inayokwenda Kakuma. Chini ya miguu yake zilikuwa nondo nne na mbao mbili. Alikuwa amezivuta kutoka chini ya kitanda bila kuzifuta vumbi.

Huko Kakuma alimpata mwendesha pikipiki aliyemzoea, Longor, Mturkana mwenye miguu mirefu iliyopita usukani.

"Ejok, fundi. Leo umebeba jeneza?"

"Ejok. Ni mbao tu. Twende kwa Mama Iqra, na usiniue njiani."

Walivuka laga kavu, wakapita maduka na mafundi cherehani, mpaka nyumba yenye rangi ya maziwa. Longor alimsaidia kushusha mbao, akasema atangoja kivulini.

Mama Iqra aliwapokea kwa salamu ndefu, akaufungua mlango wa nje wote, kama inavyopasa mwanaume mgeni akiwa ndani, na kiti cha Wasike akakiweka pale wapita njia wanapoweza kukiona. Wasike hakuketi. Alikwenda moja kwa moja ukutani.

Runinga ilikuwa imeinama mbele kwa upana wa vidole viwili. Juu ya kishikio plasta ilikuwa na ufa mrefu, na kando ya ufa rangi imetuna. Kitandani, mahali pa kichwa, Mama Iqra alikuwa ametandika leso juu ya mto, na ndani ya leso mlikuwa na mchanga wa asubuhi hiyo, mwekundu, wa kujaza kiganja.

"Ulilala hapa jana?"

"Nililala."

"Nilikuambia lakini!"

"Uliniambia leo, fundi. Jana ulikuwa bado umeniambia iko imara."

Wasike aliishusha runinga, akailaza juu ya godoro. Kisha akakishika kile kishikio cha chuma ili alegeze skrubu, na hakuhitaji bisibisi. Kilimfuata mkononi. Kikaja na plagi zote kumi, na kipande cha plasta cha ukubwa wa sinia, kikaanguka juu ya mto na kupasuka vipande vinne. Vumbi likapanda mpaka darini. Mama Iqra akakohoa, akautazama mto wake. Longor alichungulia mlangoni, akapiga mluzi, akarudi kivulini.

Wasike akakaa kwenye kile kiti alichowekewa.

"Mama Iqra, nilikudanganya," akasema. "Ile siku nilijua haitashika. Huu ukuta hautaki plagi. Unataka mtu huku na mtu kule, nami sina mtu wa kule tena. Mke wangu ndiye aliyekuwa akinishikia. Uliposema ufunguo umepotea, nilifurahi. Ningekuua."

Alitegemea kufukuzwa. Mama Iqra alipangusa vipande vya plasta kutoka kwenye mto, kimoja kimoja, akavipanga chini. Alipomaliza akatia mkono ndani ya shela, akauvuta ule uzi. Ufunguo ulikuwa mdogo, wa kufuli la kawaida, umeng'aa kwa kulala kifuani.

"Mimi pia nilidanganya wewe," akasema. "Haikupotea."

"Nilijua."

"Nilijua unajua." Akaugeuza geuza ufunguo. "Iqra alifunga mlango yeye mwenyewe, siku ya ndege. Asubuhi hiyo alikuwa amechoma uunsi, ubani yetu, nguo zake zote zinanukia. Mimi nikasema, kama sifungui, harufu iko ndani. Yeye hayuko lakini harufu iko. Nikifungua, itatoka mara moja tu, na hairudi. Wewe unaelewa?"

Wasike alielewa. Kwake Lodwar kulikuwa na chupa ya mafuta ya kichwa ya Jelagat ambayo hajaifungua kwa sababu hiyo hiyo, ingawa hakumwambia mtu.

"Ndiyo sababu kitanda haisogei," Mama Iqra akaendelea. "Usiku akisoma nilikuwa nasikia karatasi. Anageuza, anageuza. Nalala na sikio hapa kwa ukuta. Sasa sisikii kitu, lakini sikio imezoea."

Longor, ambaye kumbe alikuwa akisikiliza kila neno, alibisha hodi na kusema yeye ana mikono miwili na kazi haimshindi, aonyeshwe tu spana. Mama Iqra akamshukuru, akakataa.

"Chumba hiyo haiingii mtu. Nitaingia mimi."

"Ni kazi ya nguvu kidogo," Wasike akasema.

"Mimi nimejenga hii nyumba, fundi. Matofali nilifinyanga na miguu yangu. Unafikiri nati itanishinda?"

Basi Wasike akamfundisha. Alimpa ubao wake, nati nne, washa nne pana na spana. Akamwonyesha jinsi ya kutanguliza washa, kisha nati, kuzungusha kwa vidole kwanza ndipo spana ifuate. Kisha ikabidi amfundishe kugonga. Hapo akajifanya kwanza anatafuta kitu mkobani.

"Moja, nondo imetokea," akasema hatimaye. "Mbili, umekaza. Tatu, ubao umetulia, niachie. Tatu ni ya mwisho kabisa. Bila hiyo sitoi mikono."

"Moja, mbili, tatu." Mama Iqra akacheka kidogo, akifunika mdomo kwa shela. "Kazi nzuri hii. Mwanaume huku, mwanamke kule, ukuta katikati. Hata sheikh hana neno."

Akabeba ubao kichwani, akatoka. Wasike alisikia kufuli likifunguka nje, upande wa kulia. Akasikia mlango ukisukumwa, kisha ukifungwa upesi sana.

Alipima kwa pima maji, akatia alama nne kwa penseli, zote chini ya palipobanduka plasta, kwenye sehemu isiyopasuka. Akaingiza keekee ndefu kwenye drili. Ukuta wa udongo hautobolewi kwa kishindo; ukiupigia kishindo tofali linapasuka ndani kwa ndani. Alitoboa pole pole, akitoa vumbi, akirudi. Tundu la kwanza lilipofika upande wa pili, keekee ililegea ghafla mkononi mwake. Akaivuta nje. Kupitia tundu lile dogo kukaja hewa, na hewa ikaja na harufu, tamu, nzito kidogo, ya ubani na sukari iliyoungua. Ilimpiga usoni akasita. Ilidumu kama pumzi mbili hivi, kisha ikachanganyika na vumbi la ukuta.

Alitia nondo ya kwanza, akaisukuma. Akangoja.

Ikasikika koo, mara moja. Chuma juu ya ubao.

Mwili wote wa Wasike ulisisimka. Akajikaza kisabuni, akatoboa tundu la pili. Koo. La tatu. Koo. La nne lilimsumbua kidogo, lilikutana na kijiwe, lakini nalo likapita. Koo. Kisha wakaanza kukaza, yeye huku, mama kule. Mama Iqra hakuwa na haraka, wala hakukosea. Mbili. Mbili. Alipokawia kwenye nati ya tatu Wasike alimsikia akihema na kusema jambo kwa Kisomali, jambo la ukali, bila shaka aliiambia nati. Mbili. Mbili. Ukuta ukabanwa, ubao wa huku ukakaa kimya kabisa, hata akining'inia juu yake kwa uzito wake wote haukulia. Akafunga kishikio juu yake.

Akainyanyua runinga kutoka kitandani, akaipachika. Iliketi kwa mlio mdogo wa chuma. Hakuondoa mikono.

"Mama Iqra," akaita. "Sasa weka kiganja juu ya ubao. Ukiona umetulia, gonga tatu."

Alingoja, mashavu yake karibu yaguse kioo cheusi cha runinga. Upande wa pili kamba za kitanda zililia, za kitanda kinachokaliwa na mtu baada ya muda mrefu. Kikapita kitambo. Kisha akasikia karatasi zikigeuzwa. Moja, halafu nyingine. Halafu sauti ya Mama Iqra, ya chini, kwa Kisomali, sauti ya mtu anayemwamsha mtoto asichelewe shule. Wasike hakujua neno hata moja la alichosema. Sauti ile ilikatika katikati, na kilichofuata kilikuwa kilio, cha chini, cha mtu aliyejibana mdomo kwa nguo.

Wasike alikuwa na mikono yote miwili chini ya runinga. Haikuwa na uzito tena. Mbao zilikuwa zimeubeba uzito wote, alilihisi hilo viganjani, angeweza kuachia wakati wowote akakusanya vyombo vyake. Nati za huku alizikaza mwenyewe, za kule alizihesabu kwa masikio. Fundi mwingine angekwishaondoka. Lakini hajagongewa. Kuachia bila kugongewa hajawahi, ila mara moja tu, na mara hiyo hakuulizwa. Aliambiwa na shuka safi la wodini. Miaka mitatu amesimama hivyo, ameshikilia, anangoja mtu wa kule aseme imetosha, na wa kule hayupo. Alimtamani mkewe. Naye akalia, huku upande wake, bila kufuta machozi kwa sababu mikono ilikuwa na kazi.

Nje Longor alipiga honi mara mbili, akaita kama wamemaliza. Jua lililoingia mlangoni lilikuwa limeshafika mguu wa kitanda, likaanza kupanda. Mabega yalimwaka moto. Akahamisha uzito kutoka mguu huu hadi huu, asiondoe mikono.

Kilio kikatulia. Kamba za kitanda zikalia tena. Akasikia nyayo zikija ukutani, kisha kiganja kikipapasa ubao, kutoka kona hadi kona, pole pole, bila haraka yoyote.

Koo.

Wasike alifumba macho.

Koo.

Ya tatu haikuja. Alidhani Mama Iqra amesahau hesabu, alidhani pengine anataka kukaza tena.

Koo.

Akaachia. Runinga haikusogea. Alibaki kasimama mbele yake, mikono imeinuliwa, haina kitu, hajui aiweke wapi. Kisha akaketi sakafuni, mgongo kwenye kitanda, akamngoja Mama Iqra atoke kwa wakati wake.